Bwana Yuko Ng'ambo, Kazi Iko Hapa

Ndugu msomaji, mtoto wa mtu akipata kazi katika kampuni ya kigeni, mtaa mzima hupata habari kabla ya jua kutua. Mama hupika pilau, baba hutembea kifua mbele, na jirani mwenye kijana asiye na kazi huuliza kwa upole kama nafasi nyingine ipo. Mimi nami hufurahi pamoja nao, kwa maana kazi ni kazi. Lakini miaka 22 niliyokaa katika chumba cha mafaili ya wafanyakazi imenifundisha kuuliza swali moja ambalo siku ya pilau huwa haliulizwi: Je, bwana huyu aliye ng'ambo amefungwa na sheria ya nchi gani?

Pengine utanijibu upesi, "Sheria ya kwao, maana fedha ni zake." Wengi hujibu hivyo, hata mabwana wenyewe. Nami naandika maneno haya ili nikuonyeshe kwamba jibu hilo si kweli, na kwamba kutolijua jambo hili kumewatoa machozi wafanyakazi wengi na kuwatoa waajiri fedha ambazo hawakupaswa kuzipoteza. Kwa ufupi, sheria ya kazi hukaa pale mkono unapofanya kazi, wala haikai pale mshahara unapotoka.

MAMBO HAYA SI MAPYA

Waajiri wa kuvuka mipaka hawakuanza leo. Mwaka 1906 Wabelgiji waliunda kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ili kuchimba shaba ya Katanga. Wakubwa wake walikaa Brussels. Wachimbaji walitoka vijiji vya mbali, na wengine walitoka Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Katika kambi zake Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Elisabethville, mji ambao sasa unaitwa Lubumbashi, waligoma wakidai mshahara, askari wakawafyatulia risasi, na watu wakafa. Pwani yetu nayo ina habari zake. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa waliacha kazi, na Septemba mwaka huo huo wapakuzi wa meli wa Dar es Salaam wakafanya vivyo hivyo.

Siku zile sheria zilikuwapo, lakini nyingi zilitungwa ili kumzuia mfanyakazi asitoroke kuliko kumzuia bwana asidhulumu. Baada ya Uhuru mambo yaligeuka. Mwaka 1964 ilitungwa sheria ya kuwalinda watu wasifukuzwe ovyo. Makosa yaliandikwa, na adhabu ya kila kosa ikaandikwa, na kamati za wafanyakazi zikawekwa mahali pa kazi ili meneja asiamue peke yake. Sheria hiyo ilidumu mpaka nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Nakumbusha haya ili mgeni asidhani kwamba tunampa masharti kwa kumwonea. Sheria hizi zilitoka katika jasho la watu, tena wengine katika damu yao.

BARUA MOJA KWA NCHI TATU

Kazi yangu ilikuwa ukarani wa mambo ya wafanyakazi hapa Dar es Salaam, katika kampuni ambayo sitaitaja jina. Makao yake makuu yalikuwa Marekani, na katika Afrika Mashariki ilikuwa na ofisi tatu, yaani Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Tuliuza mashine na kuzitengeneza zilipoharibika.

Siku moja ya Alhamisi, mwaka 2013, iliingia barua kutoka makao makuu. Ilikuwa fupi, ya Kiingereza safi. Ilisema kwamba sehemu ya ufundi itafungwa katika ofisi zote tatu. Kwamba watu 31 wataachishwa. Kwamba kazi yao itakoma kesho yake, Ijumaa. Na kwamba kila mmoja atapewa mshahara wa wiki mbili pamoja na cheti cha shukrani. Barua ilikuwa moja kwa wote. Kilichobadilika ni majina tu.

Meneja wetu alikuwa mgeni mwenye moyo mzuri, lakini alikuwa na miezi minne tu katika nchi hii. Aliniambia niandae bahasha. Nikamjibu, "Bwana, bahasha nitaziandaa, lakini kila nchi inataka barua yake." Akashangaa. Nikachukua karatasi nikamwandikia, nami sasa nakuandikia wewe kama nilivyomwandikia yeye.

Hapa Tanzania, mwajiri anayetaka kupunguza watu hana budi kwanza kuwaambia kusudi lake, kuwapa habari zinazohusika, na kukaa na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe kama hawana chama. Watazungumza juu ya sababu, na njia ya kuepuka au kupunguza hasara hiyo, na jinsi ya kuchagua nani aondoke, na malipo. Mfanyakazi wa mshahara wa mwezi hupewa taarifa isiyopungua siku 28. Kisha kuna kiinua mgongo, yaani mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi, lakini hesabu hukoma kwenye mwaka wa 10.

Kenya, kwa sheria ya ajira ya mwaka 2007, mwajiri humwandikia ofisa wa kazi wa serikali na chama cha wafanyakazi, kama kipo, muda usiopungua mwezi mmoja kabla. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka mzima, wala sheria haikuweka kikomo cha miaka 10.

Uganda, kwa sheria ya mwaka 2006, taarifa hukua pamoja na utumishi. Aliyefanya kazi mwaka mmoja mpaka mitano hupewa mwezi mmoja. Mitano mpaka kumi, miezi miwili. Na aliyepita miaka kumi, miezi mitatu. Kiinua mgongo kipo, lakini sheria ile haikutaja kiwango. Iliacha kiamuliwe kwa mapatano.

Ili meneja aone kwa macho, nilimchukua fundi wetu mmoja aliyekuwa na miaka 14 ya kazi. Mshahara wake wa msingi ulikuwa shilingi 520,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 26, utapata shilingi 20,000 kwa siku. Hapa Tanzania ungezidisha siku 7 kwa miaka 10, ni siku 70, ndiyo shilingi 1,400,000. Kama mtu huyo huyo, mwenye ujuzi huo huo na thamani hiyo hiyo ya siku, angekuwa katika ofisi ya Nairobi, ungezidisha siku 15 kwa miaka 14, ni siku 210, ndiyo shilingi zetu 4,200,000. Angekuwa Kampala, angedai kwanza taarifa ya miezi mitatu. Kampuni moja, fundi mmoja, hesabu tatu. Nawe ndugu msomaji, niambie, barua moja ingewezaje kuzibeba?

Meneja alielewa. Akapiga simu makao makuu, akazungumza mpaka usiku. Jibu lililorudi lilikuwa kwamba kampuni ni moja, kwa hiyo watu wote watendewe sawa. Tena kwamba wafanyakazi wote walitia saini mkataba unaosema upande wowote unaweza kuvunja ajira wakati wowote. Ijumaa, saa kumi jioni, bahasha zikatolewa.

Sitasahau sura za watu siku ile. Mmoja wao alikuwa mama aliye katika likizo ya uzazi, mtoto wake hajafikisha hata miezi miwili. Bahasha yake ilipelekwa nyumbani na dereva. Yule fundi wa miaka 14 aliisoma barua mara mbili, kisha akaniuliza, "Kosa langu ni lipi?" Alikuwa na watoto wawili katika shule ya sekondari. Barua haikuwa na jibu la swali lake, kwa maana kosa halikuwapo.

Wenzetu wa Dar es Salaam hawakukaa kulia. Walikwenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wakajaza fomu ndani ya siku 30. Zishike siku hizo, ndugu msomaji, maana malalamiko ya kuachishwa kazi yanayopelekwa baada ya siku 30 yanahitaji kwanza kuombewa ruhusa ya kuchelewa, na ruhusa haitolewi bila sababu nzuri. Msuluhishi aliuliza jambo moja tu la maana: "Yako wapi maandishi ya kikao mlichokaa na wafanyakazi kabla ya kuwaachisha?" Hayakuwapo. Wakili wa kampuni akautoa ule mkataba. Akaambiwa kwamba mapatano ya watu wawili hayawezi kuifuta sheria ya nchi.

Mwisho wake kampuni ilikubali kulipa taarifa, kiinua mgongo, likizo zilizobaki, na fidia juu yake. Nairobi nako wakili wa huko aliitisha zile barua zirudishwe, wakaanza upya kwa kufuata mwezi mmoja wa sheria. Kampala wakakaa mezani wakapatana. Jumla ya fedha zilizotoka, pamoja na ada za mawakili, ilipita mbali ile ambayo ingelipwa kama mambo yangefanywa vizuri toka mwanzo. Na kwa upande wa fundi wetu, malipo yake yalikuja mwezi wa tano baadaye. Ada ya shule haikungoja. Mwanawe mdogo alikuwa ameshakaa nyumbani muhula mzima.

KWA NINI WAKUBWA HUFIKIRI HIVYO

Tusiwe wepesi kusema kwamba wageni wote ni wabaya. Wengi wanafikiri kwa desturi ya kwao. Marekani, karibu majimbo yote hushika kanuni kwamba mwajiri anaweza kumwachisha mtu wakati wowote bila kutoa sababu, maadamu sababu hiyo si ile iliyokatazwa, kama vile ubaguzi wa rangi au wa dini. Jimbo la Montana ndilo lililojitenga, kwa sheria yake ya mwaka 1987. Hata likizo ya uzazi, sheria yao ya shirikisho ya mwaka 1993 humpa mfanyakazi anayestahili wiki 12, lakini bila mshahara. Mtu aliyekulia katika desturi hiyo akisikia kwamba mama wa Tanzania hupewa siku 84 za likizo na mshahara wake, na siku 100 akijifungua mapacha, hudhani anasimuliwa hadithi.

Lakini asidhani kwamba Afrika peke yake ndiyo yenye masharti. Ujerumani, mahali penye baraza la wafanyakazi lililochaguliwa, mwajiri asipolisikiliza baraza hilo kabla ya kumwachisha mtu, kule kuachisha ni bure kabisa. Uholanzi, anayetaka kupunguza watu kwa sababu za biashara huomba kwanza ruhusa ya ofisi ya serikali. Kampuni ya Marekani ikifika huko hutii, wala hailalamiki sana. Wazee walisema, ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho lako. Basi na hapa kwetu afumbe vile vile.

Nakiri kwamba mzigo wa mwajiri wa namna hii si mwepesi. Karani wake wa mishahara hapa Tanzania hupeleka kwenye Mfuko wa Hifadhi ya Jamii asilimia 20 ya mshahara, sehemu ikitoka kwa mwajiri na sehemu kwa mfanyakazi. Uganda hupeleka asilimia 15, yaani 10 ya mwajiri na 5 ya mfanyakazi. Akitaka kumleta mtaalamu kutoka kwao, sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 humtaka aonyeshe kwamba hakupata mwananchi wa kazi ile, na aonyeshe mpango wa kumfundisha mwananchi ashike nafasi hiyo baadaye. Na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo karatasi zake za Kiingereza hazitoshi kumsemea. Mambo ni mengi. Lakini mtu anayeweza kupima kina cha bahari ili meli yake isikwame hashindwi kuuliza sheria ya bandari anayoingia.

BWANA ANAYESIMAMA NYUMA YA WAKALA

Sasa nitakueleza njia nyingine, nayo ni ngumu kuliko ile ya kwanza. Bwana wa ng'ambo haajiri kwa jina lake. Hutafuta wakala, na wakala ndiye anayeajiri. Matata yakitokea, bwana husema, "Watu hawa siwajui." Je, maneno hayo yanakubalika?

Swali hilo limejibiwa Nairobi mbele ya macho ya ulimwengu. Kampuni ya Meta, yenye Facebook, ina makao yake California. Watu wakitia katika Facebook picha za mauaji na machafu, lazima awepo mtu wa kuzitazama na kuziondoa. Kwa lugha nyingi za Afrika kazi hiyo ilifanywa Nairobi, chini ya kampuni iitwayo Sama, ambayo nayo asili yake ni California. Vijana walitoka Kenya, Ethiopia, Uganda, Somalia, Afrika ya Kusini na kwingineko, wakakaa mbele ya kompyuta wakitazama siku nzima mambo ambayo wewe na mimi tungeyakimbia.

Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika ya Kusini, alifika Nairobi mwaka 2019. Alisema kwamba kazi ile ilimwumiza akili, na kwamba aliachishwa kwa sababu alijaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki zao. Sama ilikana. Mwezi wa Mei 2022 alifungua shauri juu ya Sama na Meta pamoja. Meta ikajibu kwamba yenyewe haikuandikishwa Kenya, haikai Kenya, wala haifanyi biashara Kenya, basi mahakama ya Kenya haina neno nayo.

Tarehe 6 Februari 2023 Jaji Jakob Gakeri wa mahakama ya mambo ya ajira alikataa kuiondoa Meta katika shauri. Mapema mwaka huo Sama ilikuwa imetangaza kuiacha kazi hiyo, na watu kama 260 waliambiwa nafasi zao zinakwisha. Wengine wakafungua shauri la pili. Walianza 43, wakafika zaidi ya 180. Tarehe 2 Juni 2023 Jaji Byram Ongaya alisema, kwa hatua ile ya mwanzo, kwamba ushahidi unaonyesha Meta ndiyo mwajiri mkuu na Sama ni wakala wake. Maana kazi ilikuwa ya Meta, na vyombo na vipimo vya kazi vilikuwa vya Meta. Meta ikakata rufani. Tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaikataa rufani hiyo, ikasema Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Uamuzi huo haukuwapa vijana fedha wala haukusema nani ameshinda. Uliwafungulia mlango ili wasikilizwe. Lakini mlango wenyewe ndio uliokuwa umefungwa miaka yote, na waajiri wengi wa ng'ambo waliusikia ukifunguliwa.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la Afrika tu. London, tarehe 19 Februari 2021, Mahakama Kuu kabisa ya Uingereza iliamua shauri la madereva wa Uber. Karatasi za kampuni zilisema kwamba kila dereva anajitegemea, na kampuni ni mtu wa kuwaunganisha na abiria tu. Majaji waliziweka karatasi kando wakatazama mambo yenyewe. Nani hupanga nauli? Kampuni. Nani huandika masharti? Kampuni. Nani humwadhibu dereva akikataa safari nyingi? Kampuni. Basi wakasema madereva wale ni wafanyakazi wanaostahili mshahara wa chini wa sheria na likizo ya malipo. Mbuzi ukimwita kondoo hatoi sufu.

Tena iko habari ya wachuma chai wa Kericho. Walipata maumivu ya mgongo na viungo, nao wakapeleka madai Uskoti, kwa kuwa kampuni ya James Finlay (Kenya), ingawa mashamba yake yalikuwa Kericho, iliandikishwa huko Uskoti. Mwaka 2023 majaji wa rufani wa Uskoti waliyasimamisha madai hayo ili kwanza wachuma chai watafute fidia kwa sheria ya Kenya ya watu walioumia kazini. Ona basi. Huko Nairobi bwana alisema, "Msinishtaki Kenya." Huko Uskoti majaji walisema, "Anzeni Kenya." Njia zote mbili zinarudi pale pale mkono ulipofanya kazi.

KIJANA NA KOMPYUTA YAKE

Pengine utasema, "Mwanangu hayuko kiwandani wala shambani. Yuko chumbani kwake na kompyuta, bwana wake yuko Ulaya, na fedha huingia kwa simu." Kwa kweli hawa ndio wanaonitia wasiwasi kuliko wote, kwa maana hawana hata mlango wa ofisi wa kubisha.

Binti wa jirani yangu aliniletea mkataba wake nimsomee. Kurasa 11 za Kiingereza. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba yeye si mwajiriwa, ni mtu anayejitegemea. Ukurasa wa nne ulisema ataanza kazi saa mbili asubuhi na kumaliza saa kumi na moja jioni, siku sita, wala asifanye kazi ya mtu mwingine. Nikamwuliza, "Mwanangu, mtu anayejitegemea huambiwa saa ya kuamka?" Akacheka, lakini kicheko chake hakikuwa cha furaha.

Sheria yetu ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 ina maneno mazuri juu ya jambo hili, nami nataka kila nyumba iyajue. Inasema mtu atahesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vingine, ikiwa lipo hata moja kati ya mambo haya: kwamba mwingine humwongoza namna ya kufanya kazi; au humpangia saa; au kwamba yeye ni sehemu ya shirika hilo; au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita; au anamtegemea kwa riziki yake; au hupewa naye vyombo vya kazi; au humfanyia kazi yeye peke yake. Lolote moja latosha. Yule binti alikuwa nayo matano.

Walakini sitakudanganya. Haki katika kitabu ni jambo moja, na kuikamata mkononi ni jambo jingine. Bwana asiye na ofisi hapa, wala wakala, wala mali, unaweza kumshinda mbele ya Tume na bado usipate cha kumkamatia. Kwa hiyo kwa vijana wa kompyuta dawa iliyo bora ni ile ya kabla ya ugonjwa. Waulize kabla ya kutia saini.

MASHAURI MACHACHE

Kwa mabwana wenye kampuni, kama mmojawao atasomewa ukurasa huu, neno langu ni hili. Mtafuteni mwenyeji anayeijua sheria, tena mkimpata msikilizeni kabla barua haijaandikwa, maana ikishaandikwa kazi yake ni kuwahesabia hasara. Kuwatendea watu sawa ni jambo jema, lakini kama mnataka usawa, chukueni kiwango cha nchi iliyo bora kati ya zile mlimo, mkipeleke kwa wote. Hakuna sheria inayomkataza mwajiri kutoa zaidi ya kiwango cha chini.

Kwa wafanyakazi, jueni kwamba hapa Tanzania sheria humtaka mwajiri awape masharti ya kazi kwa maandishi. Na kama hamkuyaelewa, ni wajibu wake kuhakikisha mnaelezwa kwa namna mtakayoelewa. Mkishitakiana naye, naye akashindwa kuyaleta maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha mlipatana nini ni wa kwake. Basi msione haya kusema, "Sijaelewa." Nanyi wekeni kila karatasi: mkataba, hati za mshahara, barua, hata maneno yaliyotumwa kwa simu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki pia ndivyo ilivyo.

Na kwa wazazi, siku ya pilau ni siku njema, msiiharibu kwa maneno mengi. Ila kabla mtoto hajashika kalamu, mkalisheni chini mmwulize haya matatu. La kwanza, ni nani hasa aliyeandikwa kuwa mwajiri wako, na ofisi yake iko wapi katika nchi hii? La pili, mkataba unasema ukidhulumiwa utalalamika wapi, hapa au ng'ambo? La tatu, fedha zako za uzeeni na za kuumia kazini zinapelekwa mfuko gani, na namba yako ni ipi?

Akiweza kuyajibu yote matatu, na atie saini. Akishindwa hata moja, kalamu ingoje. Mwajiri mwema hatakasirika kwa siku mbili za kuuliza, na yule atakayekasirika amekwisha kukujibu.